Poka: maana, msamiati, aina za mchezo na mbinu za msingi

poka nm [i-] Mchezo wa karata wa watu wawili au zaidi, ambamo kila mchezaji huweka dau kwa kadiri anavyozithamini karata zake zilizofichika, na kitita cha madau yote huchukuliwa ama na mwenye fungu bora karata zinapofunuliwa, ama na mchezaji pekee aliyesalia baada ya wenzake wote kujitoa.

Fasili hiyo inataja njia mbili za kushinda, na ni hiyo ya pili inayoitenga poka na michezo mingine mingi ya karata. Kwingineko karata hushindana zenyewe, na mwenye hafifu hana ujanja. Katika poka mtu aweza kuchukua kitita bila kufunua karata hata moja, mradi wapinzani wake wamesadiki kwamba wakiendelea wataumia. Kwa hiyo msamiati wa mchezo huu umegawanyika katika makundi mawili: maneno ya karata, ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani, na maneno ya madau na hila, ambayo hayajatulia. Mfasiri wa riwaya au filamu asipoyatofautisha, msomaji hupotea. Anayejifunza mchezo asipoyatofautisha, hupoteza fedha.

Neno na utata wake

Nomino poka imetoholewa kutoka Kiingereza, na asili ya neno hilo la Kiingereza mara nyingi huhusishwa na poque, mchezo wa karata wa Wafaransa. Katika Kiswahili hufuata ngeli ya i-/zi-, na kwa kawaida hutumika katika umoja: poka hii, poka ya Texas. Mtumiaji azingatie mambo matatu.

Kwanza, Kiswahili tayari kina kitenzi -poka, chenye maana ya kuchukua kwa nguvu, ambacho ni ndugu wa -pokonya. Kwa sababu hiyo nomino haifai kugeuzwa kuwa kitenzi. Huandikwa alicheza poka usiku kucha; alipoka usiku kucha ni habari ya mnyang'anyi.

Pili, nchini Kenya, hasa miongoni mwa vijana, jina hilohilo hutumiwa kwa mchezo mwingine kabisa, uitwao pia kadi. Katika mchezo huo mchezaji hutupa karata inayolingana kwa aina au kwa namba na ile iliyo juu, akakusudia kuzimaliza zote, na anayekaribia kumaliza hutangaza: niko kadi. Mchezo huo hauna kitita wala ngazi za mafungu. Mwalimu au mfasiri anayekutana na neno poka katika matini ya Kenya aangalie muktadha kabla ya kuamua ni mchezo upi unaokusudiwa.

Tatu, poka huwekwa ama chini ya neno kamari, ama chini ya michezo ya kubahatisha, na maneno hayo mawili hayana uzito mmoja. Kamari, lenye asili ya Kiarabu, hubeba lawama. Msemaji anayelitumia ameshatoa hukumu kwa kiasi fulani. Katika mafundisho ya Kiislamu kamari imekatazwa, na neno la Kiarabu maisiri hutumika katika maandishi ya dini kwa maana hiyo. Michezo ya kubahatisha ni istilahi ya sheria na utawala: Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo msimamizi wake. Hata hivyo, istilahi hiyo ya kisheria nayo ina upungufu inapotumiwa kwa poka, kwa kuwa kitenzi kubahatisha hudokeza kwamba kila kitu kimeachiwa bahati. Ugawaji wa karata ni bahati tupu. Uamuzi wa kuweka dau au kujitoa si bahati hata kidogo.

Karata na majina yake

Pakiti ina karata 52 za aina nne: kopa, uru, shupaza na pau. Majina yote manne yametokana na Kireno, sawa na neno karata lenyewe, na turufu, na ree. Ree ndiyo karata yenye alama moja tu, ambayo wachezaji wengi wa leo huiita esi. Kwa karata za picha maneno ya kawaida ni mfalme, malkia na ghulamu. Kamusi za zamani zina pia basha kwa maana ya mfalme, lakini neno hilo leo lina maana ya matusi, na ni bora liepukwe.

Majina mengine ya kale yastahili maelezo, kwa sababu huwababaisha wasomaji wa matini za pwani. Karata za picha ziliitwa wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni ghulamu, na mzungu wa pili ni malkia. Namba hizo zinalingana na pointi ambazo karata hizo hupewa katika michezo ya Kireno kama bisca, ambamo mfalme ana pointi 4, ghulamu 3 na malkia 2. Katika michezo hiyo, basi, ghulamu humshinda malkia. Katika poka mpangilio ni tofauti: ree, mfalme, malkia, ghulamu, kisha kumi kushuka hadi mbili. Mchezaji aliyelelewa katika michezo ya turufu asipolikumbuka hilo atazisoma karata zake kinyume.

Kitenzi cha kuvuruga mpangilio wa karata kabla ya kuzigawa ni -changa: changa karata, kisha kata, kisha gawa. Kisichanganywe na -changa ya kutoa fedha kwa pamoja. Sentensi kila mchezaji alichanga yaweza kueleweka kwa maana zote mbili, na mezani zote mbili zina mantiki; mwandishi makini huongeza yambwa: alichanga karata, alichangia kitita. Maana ya sitiari, iliyoenea katika magazeti, imetoka katika kitenzi hicho cha kwanza: mwanasiasa aliyechanga vyema karata zake ni yule aliyejipanga mapema.

Turufu, kwa upande mwingine, haina nafasi katika poka. Hakuna aina ya karata inayozitawala nyingine. Shupaza haishindi kopa. Mfasiri asiandike kwamba mchezaji wa poka alitoa turufu yake, isipokuwa anazungumza kwa sitiari.

Neno jozi nalo lina mtego. Katika matumizi ya zamani, jozi ya karata ni pakiti nzima. Katika poka jozi ni karata mbili zenye thamani moja, kwa mfano wafalme wawili. Kwa hiyo ni vyema kusema pakiti kwa karata zote 52, na kuiachia jozi maana ya karata mbili.

Ngazi za mafungu

Fungu, katika makala haya, ni karata tano zinazohesabiwa kwa pamoja. Zipo namna 2,598,960 za kuchagua karata tano kutoka katika 52, na ngazi za poka hufuata uhaba: fungu lipatikanalo kwa nadra hulishinda lile lipatikanalo kwa urahisi. Kuanzia juu kushuka chini, ngazi ni hizi:

1. Mfululizo wa aina moja: karata tano zinazofuatana, zote za aina moja. Namna 40. Ule unaoanzia kumi hadi ree huitwa mfululizo wa kifalme, na upo wa namna nne tu.
2. Nne sawa: karata nne zenye thamani moja, kama malkia wanne. Namna 624.
3. Tatu na jozi: karata tatu za thamani moja na mbili za thamani nyingine. Namna 3,744.
4. Aina moja: karata tano za aina moja zisizofuatana. Namna 5,108.
5. Mfululizo: karata tano zinazofuatana, za aina mchanganyiko. Namna 10,200.
6. Tatu sawa: namna 54,912.
7. Jozi mbili: namna 123,552.
8. Jozi moja: namna 1,098,240.
9. Karata ya juu: fungu lisilo na lolote kati ya hayo, linalopimwa kwa karata yake kubwa. Namna 1,302,540.

Tanbihi tatu za matumizi. Istilahi nne sawa ni bora kuliko nne za namba moja, kwa kuwa namba moja yaweza kueleweka kuwa ni ree. Tatu na jozi ni bora kuliko nyumba iliyojaa, tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia msomaji chochote. Na aina moja ni bora kuliko rangi moja, kwani kopa na uru zote ni nyekundu, na karata tano nyekundu zilizochanganyika hazina thamani yoyote ya pekee.

Orodha hiyo ina somo kwa anayeanza. Zaidi ya nusu ya mafungu yote ya karata tano hayana hata jozi. Mtu anayesubiri mfululizo wa kifalme anasubiri fungu moja katika kila 649,740. Wanaoshinda, kwa kawaida, hushinda kwa mafungu ya wastani yaliyochezwa vizuri.

Vitenzi vya mezani

Tafsiri nyingi hukosea hapa, kwa kuwa vitenzi vya Kiingereza vinavyotumiwa katika poka ni vya kila siku, na ukivihamisha kama vilivyo hutoa picha ya ajabu. Msomaji huambiwa mchezaji aliita, naye hujiuliza alimwita nani. Au kwamba alikunja karata, akamwona mtu anayeziharibu. Vifuatavyo huleta maana iliyokusudiwa:

kuweka dau: kuwa wa kwanza kutia fedha katika duru ya madau.
kufuata dau: kutia kiasi kilekile alichoweka mwingine ili kubaki katika mchezo.
kupandisha dau: kutia zaidi ya alichoweka mwingine, na hivyo kuwalazimu wenzake waongeze au wajitoe.
kupisha: kutoweka chochote wakati hakuna dau lililowekwa, na kumwachia zamu anayefuata. Mchezaji aliyepisha bado yumo.
kutupa karata: kujitoa katika mzunguko huo na kupoteza ulichokwisha kutia.
kuweka yote: kutia mtaji wote ulio mezani.

Dau hapa ni la ngeli ya li-/ya-: dau hili, madau haya. Umbo lake ni sawa na la dau la wavuvi, lakini muktadha huondoa utata. Kitita ni jumla ya madau yaliyokusanywa katikati ya meza. Vile vidude vya mviringo vinavyotumika badala ya fedha visiitwe chipsi, kwani Mswahili akisikia chipsi hukumbuka viazi; sarafu za mezani hutosha. Madau mawili yanayotolewa kwa zamu kabla ya karata kugawiwa huitwa madau ya lazima, dogo na kubwa. Kuyaita madau vipofu ni kutafsiri neno na kuacha maana.

Aina za mchezo

Poka ilikua nchini Marekani katika karne ya 19, hasa New Orleans na katika merikebu za mvuke za Mto Mississippi. Mwanzoni ilichezwa kwa karata 20 tu. Baadaye ikachukua pakiti nzima ya 52. Aina zake ni nyingi, ila anayeanza akizijua nne atakuwa na ramani ya mchezo wote.

Poka ya kubadilisha. Kila mchezaji hupewa karata tano zilizofichwa, huweka dau, kisha aweza kutupa baadhi ya karata na kupewa nyingine badala yake, na duru ya pili ya madau hufuata. Dalili pekee ya nguvu ya mpinzani ni idadi ya karata alizobadilisha na kiasi cha dau lake. Ni aina ifaayo kufundishia ngazi za mafungu.

Poka ya karata saba. Kila mchezaji hupata karata saba zake mwenyewe, tatu zikiwa zimefichwa na nne zikiwa wazi, na huchagua tano bora. Hapa kumbukumbu ni silaha: anayetaka mfalme wa tatu na tayari amewaona wafalme wawili wazi mbele ya wenzake, anatafuta kisichokuwapo.

Poka ya Texas, ijulikanayo kwa jina la Hold'em. Kila mchezaji hupata karata mbili za siri, kisha karata tano za pamoja hufunuliwa katikati ya meza: tatu kwa mara moja, halafu ya nne, halafu ya tano. Duru nne za madau hufanyika: kabla ya karata tatu za kwanza, baada yake, baada ya karata ya nne na baada ya karata ya tano. Fungu bora la karata tano kati ya saba ndilo huhesabiwa. Mwaka 2007 Bunge la Texas liliutambua mji wa Robstown kuwa ndipo aina hii ilipozaliwa. Ndiyo inayochezwa zaidi leo, na ndiyo inayoamua ubingwa katika mashindano ya dunia yaliyoanza Las Vegas mwaka 1970.

Poka ya Omaha. Hufanana na ya Texas, lakini kila mchezaji hupata karata nne za siri na ni lazima atumie mbili kati yake, si zaidi wala si pungufu, pamoja na tatu za pamoja. Kosa la kawaida la mgeni ni kufurahia shupaza nne mezani na moja mkononi. Katika poka ya Texas hilo ni fungu la aina moja. Katika poka ya Omaha si kitu.

Aina zote hizo hutofautiana pia kwa ukomo wa dau: dau la kiwango maalumu, dau lisilozidi kitita, na dau lisilo na ukomo. Katika hili la mwisho mtu aweza kupoteza mtaji wote wa mezani kwa uamuzi mmoja.

Mbinu za msingi

Mifano inayofuata inahusu poka ya Texas.

Kuchagua karata za kuanzia. Karata mbili za siri zaweza kuja kwa namna 1,326. Ree mbili huja kwa namna sita kati ya hizo, yaani wastani wa mara moja katika kila mara 221. Karata nyingi zinazogawiwa ni dhaifu, na zinastahili kutupwa kabla ya kutia hata senti. Mwanzo wa ustadi ni kutupa. Anayeanza huliona jambo hilo kuwa ni woga, kwa kuwa amekuja kucheza, si kutazama. Lakini kila dau dogo analotia kwa udadisi ni tone, na matone hujaza ndoo ya mwenzake.

Hata karata bora hazitoi ahadi. Ree mbili zikipambana na karata zozote mbili za mpinzani mmoja hushinda takribani mara 85 katika 100. Zikipambana na wafalme wawili, hushinda takribani mara nne katika tano, maana yake hushindwa mara moja katika tano. Wapinzani wakiwa wengi, uwezekano hushuka zaidi. Hiyo ndiyo sababu mwenye ree mbili hupandisha dau mapema: apunguze washindani, na wale wanaobaki walipe.

Nafasi. Anayeamua mwisho ameshaona wenzake wote walichofanya; anayeamua kwanza huamua gizani. Karata zilezile zinazostahili dau mgawaji anapozishika zaweza kustahili kutupwa zinaposhikwa na aliye wa kwanza kusema. Nafasi huzunguka meza, hivyo kila mtu huipata kwa zamu. Tofauti ni nani anayeitumia.

Kupima bei. Kanuni hii ndiyo inayomtenga mchezaji na mbahatishaji, na hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme kitita kina shilingi 10,000. Karata nne za pamoja zimeshafunuliwa. Mchezaji ana shupaza mbili mkononi na mbili ziko mezani; akipata ya tano atashinda. Mpinzani anaweka dau la shilingi 5,000. Je, afuate?

Karata asizoziona ni 46, na shupaza zilizobaki ni 9. Hali hiyo ikirudiwa mara 46, kwa wastani atashinda mara 9 na kupata shilingi 15,000 kila mara, jumla 135,000. Atashindwa mara 37 na kupoteza shilingi 5,000 kila mara, jumla 185,000. Kufuata dau ni hasara, labda kama ana sababu ya kuamini kwamba mpinzani atamlipa zaidi baada ya karata ya mwisho. Dau lingekuwa shilingi 2,000, hesabu ingegeuka: ushindi mara 9 kwa shilingi 12,000 ni 108,000, na hasara mara 37 kwa shilingi 2,000 ni 74,000. Karata ni zilezile na matumaini ni yaleyale. Kilichobadilika ni bei.

Hapa pana tofauti ya maneno ambayo mwalimu hana budi kuisisitiza. Bahati ni kilichotokea. Uwezekano ni kinachoweza kutokea, kikipimwa kwa hesabu. Mtu aliyefuata dau la shilingi 5,000 na akapata shupaza yake alikuwa na bahati, lakini uamuzi wake ulikuwa mbaya. Aliyetupa karata, kisha akaiona shupaza ikifunuliwa, aliamua vyema. Anayehukumu uamuzi kwa matokeo ya mara moja hatajifunza poka hata akicheza miaka kumi.

Mkwara. Kuweka dau kubwa ukiwa na karata hafifu ili wengine wajitoe ni hila ambayo Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania kina neno lake hasa: kuchimba mkwara, yaani kutoa kitisho kisicho na kitu nyuma yake. Katika maandishi rasmi yafaa kutumia kitisho au hila ya kitisho, lakini katika mazungumzo ya riwaya mkwara hauna mshindani. Kusema tu alidanganya hakutoshi, kwa kuwa mchezaji huyo hakusema neno lolote la uongo. Aliweka dau, na wenzake wakajisomea wenyewe.

Mkwara nao una hesabu yake. Kitita kikiwa shilingi 10,000 na dau la kitisho likiwa 5,000, hila hiyo hailetei hasara iwapo mpinzani atajitoa angalau mara moja katika kila tatu: mara moja hupata 10,000, mara mbili hupoteza 5,000. Mwanahisabati John von Neumann aliipima poka kwa hesabu, na kitabu alichokiandika pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944 kilionyesha kwamba mkwara ni sehemu ya mchezo sahihi, si tabia mbaya ya wachezaji waovu. Asiyetisha kamwe husomeka kama kitabu: akiweka dau, wote hujitoa. Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji mahiri katika meza ya watu sita, nayo hutisha pia, ingawa haina uso wa kuficha wala moyo wa kudunda. Kwa anayeanza, hata hivyo, shauri ni moja: usimtishe mtu asiyejua kujitoa. Mkwara huhitaji mpinzani anayefikiri.

Mtaji na jazba. Kasino hukata sehemu ya kila kitita au hutoza ada ya kukaa mezani. Kwa hiyo, wachezaji wote wakijumlishwa pamoja, huondoka na fedha pungufu kuliko walizokuja nazo. Ili mmoja apate faida, wengine hawana budi kupoteza faida hiyo pamoja na makato. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kupitia intaneti, alitwaa ubingwa wa dunia na dola milioni 2.5, na watu wengi wakaamini kwamba njia hiyo iko wazi kwa yeyote. Alikuwa mmoja kati ya washiriki 839.

Adui mkubwa baada ya makato ni jazba: hali ya mchezaji aliyeshindwa kwa bahati mbaya kuongeza madau ili arudishe kilichopotea. Karata hazina kumbukumbu. Hazijui kwamba mtu ameshindwa mara tano mfululizo, wala hazina deni la kumlipa mara ya sita. Methali isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani hapa ni kanuni ya fedha zaidi ya kuwa mawaidha ya adabu: anayekubali kushindwa huinuka mezani akiwa na nauli. Kiasi kinachopelekwa mezani kiwe kile ambacho mtu aweza kukikosa asilale njaa, na kodi ya nyumba si mtaji. Anayetaka kujifunza bila kujihatarisha aweza kucheza kwa punje za mahindi. Ngazi za mafungu, nafasi na hesabu za bei hazibadiliki, na kosa halimgharimu mtu chochote isipokuwa fahari.

Mifano ya matumizi

Alipandisha dau mara mbili, lakini karata ya tano ilipofunuliwa akatupa karata zake bila kusema neno.
Kitita kilichukuliwa na mwenye tatu na jozi. Aliyekuwa na aina moja akabaki kutikisa kichwa.
Wote walipisha, kwa hiyo karata ya nne ilifunuliwa bila dau.
Ulikuwa mkwara mtupu: alikuwa na saba na mbili.

Tazama pia: dau, ghulamu, jozi, kamari, karata, kitita, mkwara, ree, turufu.